Sindano Moja Kabla ya Kisu

Naviundu, Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 2024

Yaya Victorine,

Rigobert amenikuta getini na ndoo mkononi, akasema lori lake linaondoka kwenda kwenu Kilwa, huko ziwani, saa nane, hangoji mtu. Basi nakuandikia haraka. Sisi wote wazima. Mwanangu wa mwisho ameanza kujifunza ufundi wa magari na sasa nyumba nzima inanuka mafuta. Vumbi la Naviundu unalijua, mvua bado inatuchezea. Shemeji Lucien mgongo unaendeleaje? Mwambie aache kunyanyua magunia, ana wajukuu.

Sasa sikiliza, yaya, dada yangu mkubwa, maana nina habari na nikiikalia nitapasuka.

Unajua kazi yetu ya kupasua watoto hapa hospitalini. Miaka kumi na minne niliyokaa humu, kila mtoto akitoka chumba cha upasuaji tunampa dawa za kuua vijidudu siku saba. Sindano asubuhi, mchana, jioni. Hata ngiri ndogo, hata kitovu, siku saba. Watoto wakiona koti langu jeupe wanajificha chini ya kitanda. Na vijidudu vyenyewe vimezizoea dawa. Mwaka jana tulimpoteza Léa, miezi minane, kidonda chake kilitoa usaha na maabara ikajaribu kila dawa tuliyo nayo, hakuna hata moja iliyoviweza. Nilimvalisha mwenyewe. Sijakusimulia hayo na leo pia sitayasimulia.

Mwezi wa nane nilikwenda kwenye mafunzo. Wakatuambia kwamba kwa upasuaji safi, usiogusa utumbo uliotoboka wala kidonda kilichooza, inatosha sindano moja, nusu saa kabla ya kisu. Moja tu! Baada ya hapo mwili unafanya kazi yake. Nilirudi nikamsumbua Daktari Donat, mpasuaji wetu mkuu, mpaka akachoka. Akaniambia: "Clotilde, dawa ya siku saba haiuaka muntu. Lakini leta watoto makumi sita, tuone." Tumeshaanza. Watoto sitini, kila kidonda kinatazamwa mpaka siku ya thelathini. Vikibaki vikavu, hiyo inakuwa sheria ya wodi yetu.

Kwa hiyo mlete mjukuu wako Abigaël. Kitovu chake kimezidi ukubwa, na miaka mitano ni umri mzuri. Mama yake, Mumba, aje naye, atalala hapa kama garde-malade, mtu wa nyumbani anayemwangalia mgonjwa usiku na mchana.

Kitu kimoja tu nakuomba. Usimpe mtoto dawa yoyote kabla ya safari, wala usimfungie Mumba dawa kwenye mizigo. Nakujua, na ligablo yako, ile meza ya dawa, naijua.

Mdogo wako,
Clotilde


Kilwa, tarehe 3 Novemba 2024

Kwako Clotilde,

Barua yako imefika imekunjwa mara sita na inanuka samaki, lakini inasomeka. Lucien anakusalimu, mgongo wake unapona Jumapili na kuuma Jumatatu. Maji ya ziwa yako chini, makayabo, samaki wa chumvi, ni ya shida, hata hivyo nimekuwekea kidogo.

Mumba na Abigaël wanaondoka kesho kutwa na Rigobert. Mtoto anaimba toka asubuhi kwamba kambo Clotilde, bibi yake mdogo, atamkata kitovu kama embe. Nani amemfundisha, sijui.

Nimesoma mambo ya sindano moja. Nimesoma mara mbili. Mimi si munganga wa hospitali kama wewe, nimeuza dawa tu miaka ishirini na mbili kwenye meza ile unayoicheka, na watu wa Kilwa bado wako hai. Ulipokuwa na miaka tisa ukakanyaga chupa, nani alifungua kapsuli akakumwagia unga wake kwenye kidonda? Si ulitembea mpaka shule? Haya.

Kuhusu mizigo, nimewafungia unga wa muhogo, samaki, kitenge kipya, na kila kitu ambacho mama mwenye akili anamfungia binti yake.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Simu yangu ikilia jirani anasikia kuliko mimi, na mtandao unatukata kila tukifika kwenye maana. Andika.

Yaya wako,
Victorine


Naviundu, tarehe 15 Desemba 2024

Yaya wangu,

Kwanza mtoto wako mzima! Nimeanza na hilo ili usiruke mistari. Abigaël amepasuliwa tarehe 27 mwezi uliopita, sindano moja, kidonda kikavu kabisa. Siku ya nne nilimkuta akirukaruka mchezo wa kange na watoto wengine kwenye veranda, nikamfokea, akanionyesha tumbo lake na kusema: "Kambo, angalia, iko muzuri kuliko yako." Ni namba ishirini na nne kwenye daftari langu. Noeli njema kwenu, na asante kwa samaki, tumewala wote siku mbili.

Barabara imekatika kwa mvua, Rigobert anasema mpaka mwakani abiria hapakii, barua tu na vifurushi vidogo anavipitisha kwa pikipiki pale lori linapokwama. Basi Mumba amebaki nasi. Na yaya, huyo binti yako! Wodi nzima ni yake. Anapika bukari, ugali wetu, na wamama wengine uani, anawasuka nywele, anawafundisha kukunja nepi. Wanamwita Mama Kilwa. Mwezi wa kumi wamama walikuwa wananipigia kelele. Mmoja alisimama katikati ya wodi akasema: "Munapasula mutoto ya bantu, kisha munamutoboa sindano moja tu? Dawa ilikwisha, ao hamutupende?" Maana kwetu ukimpenda mgonjwa lazima watu waone umemletea dawa, hilo unalijua. Wengine walilia kwamba wakirudi nyumbani ukoo utauliza walikwenda hospitalini kufanya nini.

Tangu Mumba aje, kimya. Wananisalimu, wanacheka. Hakuna anayeuliza dawa. Sijui amewaambia nini, nikimuuliza anasema: "Mama mudogo, tunasaidianaka tu." Ningekuwa na uwezo ningemwajiri.

Vidonda thelathini na moja mpaka leo. Usaha: sifuri. Nimehesabu tena kabla ya kuandika. Sifuri, yaya!

Clotilde anayeruka ruka


Kilwa, tarehe 19 Januari 2025

Clotilde,

Mwaka mpya mwema kwa nyumba yako. Hapa paa la kanisa limevuja kwenye kiti cha padre na watu wamecheka mpaka ikawa dhambi. Lucien ameanza kufuga bata. Namshukuru Mungu kwa Abigaël, nimewasha mshumaa.

Nimefurahi kusikia Mumba anasaidia. Mwache asaidie. Anawatunza wamama wale kama dada zake na hilo si kosa.

Nampelekea kifurushi kidogo kwa mkono wa Rigobert, usikifungue, ni vitu vya wanawake.

Nataka kukuuliza jambo moja. Ukimaliza watoto wako sitini, hiyo sheria ni ya wodi yenu peke yake, au itakwenda na kwingine? Nauliza tu.

Victorine


Naviundu, tarehe 3 Machi 2025

Yaya, yaya, yaya!

Nimemaliza. Kidonda cha mwisho nimekitazama juzi Jumamosi. Watoto sitini, siku thelathini kila mmoja, hakuna tone la usaha. Hata mmoja! Mwaka jana, kwa siku saba za dawa, kati ya watoto sitini wa namna hiyohiyo watano walitoa usaha. Daktari Donat amepitia daftari lote kwa kidole chake, ukurasa kwa ukurasa, kisha akavua miwani. Akasema: "Sikutumaini, Clotilde. Minasema kweli, sikutumaini." Mimi nikatoka nje nikacheza peke yangu nyuma ya jengo la kufulia nguo, walinzi wameniona, hainidhuru.

Kuhusu swali lako la Januari, jibu ni ndiyo, itakwenda mbali! Alhamisi tarehe 13, saa nne asubuhi, nitasimama mbele ya madaktari wa hospitali yetu na wageni kutoka hospitali nyingine saba, wengine wanatoka Kasumbalesa. Wakikubali, kila mahali wanaacha siku saba na kuanza sindano moja. Mimi, binti wa mfanyakazi wa reli, mbele ya ubao! Nimeazima viatu.

Jana ulinipigia simu. Nilishtuka, wewe hupigi. Ukaniuliza kama mvua inanyesha huku, nikasema inanyesha, ukasema hata kwenu, ukakata. Uko mzima kweli? Au ni Lucien? Niandikie usinifiche.

Mumba anasubiri tu barabara. Kifurushi chako alikipata, kilikuwa chepesi kama pamba, aliniambia ni chumvi ya ziwani. Wewe na chumvi yako! Haya, niombee tarehe 13.

Clotilde


Kilwa, tarehe 8 Machi 2025

Mdogo wangu Clotilde,

Salamu za nyumbani zipo, bata wapo, Lucien yupo. Hakuna mgonjwa hapa.

Siku ile ya simu nilipanda mpaka juu ya misheni kutafuta mtandao, kwa miguu, na magoti yangu haya. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Niliposikia sauti yako inacheka nikauliza habari za mvua.

Sasa nayaandika. Mumba alipoondoka nilimshonea kapsuli arobaini kwenye pindo la kitenge kipya, ili Abigaël ale mbili kwa siku bila wewe kujua. Nilikuwa nimekusoma vizuri, sikukosa kuelewa. Niliona unamchezea mjukuu wangu. Mumba alipofika alimkuta mama jirani analia kwamba mtoto wake hapewi dawa. Utafanyaje, mnapika chungu kimoja, unamgawia chumvi, unamgawia sabuni. Akamgawia na kapsuli. Kesho yake mwingine akaomba. Zilipokwisha alimtuma Rigobert aniambie kwa mdomo, na kile kifurushi chepesi kilikuwa kapsuli mia tatu kutoka ligablo yangu. Kabla yake nilikuwa nimetuma kingine, katikati ya unga wa muhogo. Wamama wanazificha chini ya magodoro na kuwapa watoto wakati mnabadilishana zamu.

Kwa hiyo kile kimya chao ulichokifurahia, ndicho hicho. Sindano yako haikuwa moja.

Nilidhani nakusaidia. Niliona watoto watapona, na wewe utasifiwa, nani ataumia? Kisha ukaniandikia hospitali saba. Kule hakuna Mumba chini ya kitanda. Kule watampa mtoto sindano moja kwa sababu wewe umesema, na mimi ndiye ninayejua kwamba hukujaribu. Labda ni kweli inatosha. Labda sivyo. Hujui, Clotilde, na mimi nimekufanya usijue. Sijalala tangu nisome barua yako.

Rigobert nimemwapisha akupe mkononi mwako kabla ya Alhamisi saa nne. Ukitaka kuichoma, ichome, mimi sitasema kwa mtu. Lakini nimekuambia.

Victorine


Lubumbashi, tarehe 14 Machi 2025

Victorine,

Sikusalimu.

Rigobert alifika jana saa nne kasoro dakika kumi, matope mpaka kifuani, mlinzi alitaka kumfukuza. Nilikuwa tayari nimesimama kwenye ubao na chaki. Nilisoma barua yako kwenye korido, nimeegemea ukuta, mara mbili. Niliifikiria ile ruhusa yako ya kuichoma. Nataka ujue kwamba niliifikiria. Watu thelathini walikuwa wanangoja ndani, na viatu vilikuwa vinanibana.

Niliingia nikawaambia: "Hesabu yangu haifai kitu. Watoto walikula dawa kwa siri na sikujua." Mmoja wa wageni alicheka. Donat hakucheka, alikaa chini kama mtu aliyevunjika miguu. Tulipokwenda wodini tukainua magodoro, tulikuta pakiti kumi na moja. Mumba alilia mpaka akatapika. Aliniambia: "Mama mudogo, shiye hatukukatala sindano yako. Tuliongeza tu kidogo, juu mutoto asikufe." Utamjibu nini mtu kama huyo?

Lakini hasira yangu si kwa Mumba. Ni kwako, na nusu yake ni kwangu. Wamama walikuwa wanapiga kelele, ghafla wakanyamaza, na mimi munganga wa miaka kumi na minne sikuuliza kwa nini. Nilitaka sana iwe kweli.

Donat amenipa nafasi moja ya mwisho. Watoto sitini wengine, kuanzia namba moja. Jana jioni niliketi na wamama chini, kwenye mikeka, nikawasimulia habari za Léa. Yote, mpaka mwisho. Mama mzee mmoja akaniuliza: "Sasa mbona haukutuambia hii mwanzo? Unatuficha, na shiye tunakuficha." Tukakubaliana hivi: kila garde-malade anafungua mfuko wake mbele ya wenzake, na kila asubuhi mama mwenyewe ndiye anafunua kidonda, anakitazama, na kuniambia anachokiona. Sio mimi. Yeye.

Sitakuandikia mpaka nimalize. Usitume kitu.

Clotilde


Kilwa, tarehe 27 Aprili 2025

Clotilde,

Pasaka imepita bila barua yako. Najua uliniambia. Mimi nakuandikia hata hivyo, mimi ni mkubwa.

Abigaël amefika salama na mama yake. Anaonyesha kovu lake kwa yeyote anayetaka na asiyetaka. Lucien anakusalimu, bata wawili wameibwa.

Kapsuli siuzi tena moja moja. Anayekuja na karatasi ya munganga anapata dawa kamili, asiyekuja nayo namwelekeza kituo cha afya. Wateja wananuna. Mmoja alisema nimekuwa mlokole. Lucien anasema nimeharibika kichwa, tutakula nini. Tunakula bata.

Nimekuletea samaki. Mfuko nimeufungua mbele ya Rigobert, nikautikisa, nikaufunga tena. Muulize.

Victorine


Naviundu, tarehe 28 Julai 2025

Yaya,

Habari za baridi? Huku tunalala na masweta. Samaki nilimwuliza Rigobert, akaapa kwa mama yake, tukawala. Mwanangu ametengeneza gari la kwanza peke yake na limetembea. Niliapa kunyamaza mpaka mwisho, lakini mwisho wenyewe umekwama mikononi mwako, kwa hiyo nafungua mdomo. Na kusema kweli nilikuwa nimechoka kukununia.

Yaya, inafanya kazi! Safari hii ni kweli! Watoto hamsini na tisa wamefika siku ya thelathini. Wawili walitoa usaha, nimewaandika kwa kalamu nyekundu, tukawasafisha, wakapona. Wawili tu, bila hata kapsuli moja chini ya godoro! Wamama wenyewe ndio walinzi sasa. Mmoja alimkamata shemeji yake mlangoni na dawa kwenye soksi, akamrudisha mpaka barabarani huku anamwimbia. Na watoto hawajifichi tena, yaya. Jana kibinti kimoja kilinishika koti kikaniomba nikibebe. Nilijifanya nina kazi, nikaenda kulia stoo.

Sasa shida. Namba sitini anaitwa Kiki, ana miaka mitatu, ngiri upande wa kulia. Alipasuliwa tarehe 2 mwezi huu. Mama yake, Mwila, anatoka kijiji cha wavuvi kupita Kilwa, saa mbili kwa pikipiki. Waliruhusiwa, wakaahidi kurudi, simu yao imekufa. Siku ya thelathini ni Ijumaa hii, tarehe 1 Agosti, na mkutano na zile hospitali saba ni tarehe 14. Donat hataki hesabu yenye shimo baada ya yale ya Machi. Akaniuliza nani atakitazama kidonda. Nikataja jina lako.

Alinikazia macho mpaka nikatazama chini. Kisha akasema: "Ule wa makapsuli?" Nikasema ndiyo, ule.

Nenda, yaya. Karatasi ya Kiki iko ndani ya bahasha hii. Maswali ni mawili tu: kidonda kikoje, na je, mtoto amekula dawa yoyote tangu atoke hospitalini. Andika unachokiona na unachoambiwa, utie sahihi. Rigobert anakuletea leo hii, barabara ni kavu.

Clotilde


Kilwa, tarehe 2 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Tumefurahi na barua yako kuliko unavyodhani. Lucien aliisoma kwa sauti kwa bata.

Jana nilikwenda. Pikipiki mbili zilinikataa kwa uzito wangu, ya tatu ilikuwa na kijana jasiri. Vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta Mwila anageuza samaki juani, na Kiki anakimbizana na mbuzi, akaanguka, akainuka, akaendelea. Nilimwita, nikampa biskuti, nikafunua. Clotilde, nilipiga vigelegele, watu wakatoka nyumbani wakidhani kuna harusi! Kovu ni jembamba kama uzi, kavu, halina joto, halina uvimbe. Nimelibonyeza kwa kidole na mtoto amecheka. Nilikuwa na furaha ya kuweza kuruka mpaka Lubumbashi.

Kisha nikauliza swali la pili. Mwila akajibu bila wasiwasi: "Ndiyo, mama. Tulipofika Kilwa tulipita kununua kapsuli kumi na mbili, akamaliza zote. Mutoto alikuwa muzima, lakini mama mukwe yangu angesema nini?"

Nikamuuliza alinunua kwa nani.

"Pale kwenye mulango ya kijani. Kulikuwa muzee moja na mabata."

Ni kwetu. Ilikuwa Jumapili, mimi nilikuwa misani, Lucien alikaa mezani. Nilimkabili nilipofika nyumbani na amekiri, alisema sahani yake haijali karatasi za munganga. Tumegombana mpaka majirani wakaja. Zile zilizobaki nimezichoma mbele yake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiambia: Clotilde hayupo hapa, Mwila hatasafiri, Donat anataka sitini. Kovu si kavu? Andika kavu, acha hilo lingine. Hayo ni mawazo yangu na nakupa kama yalivyo. Nilikaa na karatasi yako mezani mpaka chai ikapoa.

Nimejaza hivi: Kidonda kikavu. Dawa amekula, kapsuli kumi na mbili, zimenunuliwa kwenye ligablo ya Victorine, Kilwa. Chini nimeweka jina langu lote. Mfute mtoto huyu kwenye hesabu yako. Nisamehe kama nimekuharibia mara ya pili.

Victorine


Naviundu, tarehe 15 Agosti 2025

Yaya Victorine, mama yangu,

Leo ni sikukuu ya Mama Maria, kengele zinalia tangu alfajiri na mimi sijaenda misa, Mungu atanielewa, nina barua ya kuandika.

Nilipofika kwenye ule mstari wa mlango wa kijani niliketi chini jikoni. Nilicheka, nikalia, nikacheka. Kisha nikampelekea Donat karatasi bila neno. Aliisoma, akaigeuza kama nyuma kuna kitu, akaisoma tena. Akasema: "Wacha, kesho kutwa kwa mukutano, iyi miye njo nitaisoma."

Jana ukumbi ulijaa, watu walisimama madirishani. Nilieleza watoto hamsini na tisa, wawili wenye usaha, na mmoja tuliyemfuta. Yule mgeni aliyecheka mwezi wa tatu alisimama kwanza. Akasema: "Mara ya kwanza munatuambia sitini, ilikuwa bongo, uongo mutupu. Leo tutajuaje kama hii hamsini na tisa iko ya kweli?" Donat akasimama na karatasi yako mkononi. Akawasomea yote, kidonda kikavu, kapsuli kumi na mbili, ligablo ya nani, jina la nani. Akasema: "Huyu mama alikuwa na kidonda kikavu mukononi. Hakuna muntu angejua. Akajishitaki mwenyewe na ligablo yake. Bantu bakiniletea hesabu ya namna hii, miye ninaiamini."

Yaya, walipiga makofi! Si mimi tu, wewe! Hospitali sita kati ya saba zimekubali kuanza, kwa upasuaji safi, na sheria ya wamama kutazama kidonda imo ndani. Ya saba inafikiri, iache ifikiri. Sisi tunaanza Jumatatu. Mwambie Lucien nimemsamehe, lakini akae na bata wake, mbali na ile meza.

Jioni nilikusanya karatasi zote kwenye faili la hesabu, hamsini na tisa, nikaitoa ya Kiki niiweke pembeni, maana haihesabiwi. Donat akanizuia mkono. Akaichukua, akapiga mstari mwekundu juu ya namba sitini, jina lako akaliacha bila kuligusa, akaiweka ya kwanza, juu ya nyingine zote.

Clotilde